Mbunge wako kachangia mara ngapi mwaka huu? Usiishie kuhesabu

Mwaka ukikaribia kuisha utaziona zile picha kwenye magrupu ya WhatsApp, mbunge fulani kachangia mara kibao, mwenzake mara nne tu, basi watu wanaanza kuchambana. Sisi tunaotoa elimu ya Bunge la Tanzania tunaulizwa sana hili, na jibu langu huwa moja, hiyo namba bila kujua ndani yake kuna nini haikusaidii.

Kwanza kuna swali la msingi. Hilo linapelekwa mapema, wizara inaandaa jibu, siku ikifika naibu waziri anasimama anasoma karatasi. Mimi naangalia yale maswali mawili ya nyongeza anayouliza mbunge papo hapo baada ya jibu, maana hapo ndo unajua kama mbunge alilielewa jibu na analo la kubana zaidi au kasimama kushukuru tu. Mchango wa maandishi nao unaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, japo ukumbini hakuna aliyeusikia, kwahiyo usishangae kuukuta.

Halafu kuna shilingi, na hapa ndo patamu. Bajeti ya wizara ikifika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati, Spika anageuka kuwa Mwenyekiti, wanapita kifungu kwa kifungu, wakifika mshahara wa waziri mbunge anasimama anasema asipopata maelezo ya kuridhisha kuhusu ile barabara yake anatoa shilingi, yaani anapendekeza mshahara huo upunguzwe shilingi moja kumbana waziri. Waziri anajibu, jamaa haridhiki, anaitoa kweli, wenzake wanasimama kumuunga mkono au kumbembeleza, na mara nyingi mwisho wake anairudisha. Watu wanasema kashindwa. Mi naona sivyo, kwa sababu alichoahidi waziri pale kishaandikwa, na mwakani anaweza kusomewa maneno yake mwenyewe.

Kuna wengine usiwaonee bure. Mbunge ambaye ni waziri hawezi kuiuliza serikali aliyomo, na kazi ya kamati haionekani kwenye hesabu ya michango ya ukumbini.

Kingine ni lini kaongea. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, ndo wabunge wengi wanalilia maji na zahanati, dakika zenyewe chache, kengele ya pili ikilia anamalizia kwa naunga mkono hoja asilimia mia. Lakini vitabu vya bajeti vya wizara wakati huo vishachapwa, na mbunge mwenyewe hana uwezo wa kuongeza matumizi, Ibara ya 99 ya Katiba inataka hilo litoke serikalini. Novemba ndo wanajadili mapendekezo ya mpango wa mwaka unaofuata, pale bado kuna nafasi ya kusikilizwa. Kwahiyo ingia tovuti ya Bunge, fungua Hansard za Novemba, tafuta jina la kata yako, uone kama limetajwa hata mara moja.