Kutoa ni moyo, kupokea ni forodha

Juzi nimepigiwa simu tena na katibu wa kikundi cha hisani cha kijiji, mtu mwema kabisa, furaha imemjaa: "Tumeshajaza maboksi arobaini, sasa tuelekeze tuyapeleke nchi gani." Maboksi kwanza, nchi baadaye! Kazi yangu ni kuunganisha vikundi vya aina hii na wanaopokea misaada ng'ambo, na hakuna dhana iliyonichosha kama hii kwamba chochote kile ni bora kuliko kukosa. Ukibisha, unapigwa methali: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sawa, kutoa ni moyo. Kupokea ni forodha, ghala, vibarua na ankara ya wakala, na mara nyingi anayebebeshwa mzigo huo ni yule yule mliyetaka kumsaidia.

Kuna boksi nililifungua kwa mikono yangu. Viatu vitatu, vyote vya mguu wa kushoto. Koti zito la baridi, na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwenye joto. Tyubu ya dawa ya ngozi iliyokamuliwa nusu, mkunjo wa kidole bado unaonekana. Juu ya boksi wameandika kwa kalamu nene: MCHANGANYIKO. Afisa wa forodha akisoma neno hilo hana cha kukadiria, wala mpokeaji hana cha kuombea msamaha wa ushuru. Boksi linalala bandarini, na kila likilala, tozo inapanda.

Dawa ndizo balaa kubwa zaidi. Baada ya tetemeko la Armenia mwaka 1988 zilimiminika tani 5,000 za dawa na vifaa tiba. Watu 50 walitumia miezi sita kutambua tu kilichokuwa kimefika, na nyingine zilikuwa zimeshapitwa na muda siku ya kuwasili. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: dawa iwe imeombwa, iwe na lebo inayosomeka na wahudumu wa huko, na kwa kawaida iwe imebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika. Mtu angedhani somo limeeleweka. Tsunami ya Desemba 2004 ilipoipiga Aceh, Indonesia, zikapelekwa tani zipatazo 4,000 kwa watu wasiozidi milioni mbili, nyingi zikiwa na maandishi ya lugha ambazo mfamasia wa pale hazijui. Kuziteketeza nako kunahitaji tanuri, mafuta na mtu wa kulipwa. Kwa hiyo mabaki ya kabati lako la dawa si msaada. Yarudishe duka la dawa.

Ushauri wangu ni ule ule, na wanaonijua wameshauchoka: uzeni hivyo vitu hapo hapo kijijini, tumeni pesa. Kwa pesa hiyo mpokeaji ananunua viatu vinavyolingana na miguu ya watoto anaowajua, na muuza viatu wa huko naye anapata riziki. Hapo hunijia swali la pili kama mwangwi: je, si watazinywa? Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi kuhusu familia maskini zinazopewa fedha taslimu haukukuta matumizi ya pombe na sigara yakiongezeka. Kama mna wasiwasi na viongozi wa mradi, hilo ni jambo jingine, nalo lina dawa: tumeni kwa awamu, dai risiti, kisha awamu inayofuata.

Vikundi vingine huniambia: "Vijana wetu wataenda kujenga darasa." Nauli za vijana kumi na wawili wasiowahi kushika mwiko zingelipa mafundi wa huko, na ukuta usingehitaji kunyooshwa usiku wageni wakilala. Waende kujifunza, ila msiite ujenzi.

"Basi wakakae wiki mbili na yatima." Hapana. Watoto wengi wa kwenye vituo vya yatima wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowatoa nyumbani aghalabu ni umaskini. Wageni wenye pochi wanapoongezeka, vituo navyo hutafuta watoto wa kuvijaza. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa uliligusa suala hili katika azimio la Baraza Kuu. Msaada unaofaa ni ule unaomfanya mama abaki na mwanawe.

Halafu kuna wanaodhani kujitolea kijijini kwao ni jambo dogo, la wastaafu, na kwamba hakugharimu chochote. Kunagharimu nauli, bima, mafunzo, na mtu wa kupanga zamu. Kuhusu udogo wake: mzee anayepelekewa chakula Jumatatu atakwambia wazi kwamba hapendi supu, na Jumatatu ijayo unabadilisha. Wa ng'ambo hakwambii, anapiga picha na boksi na kushukuru. Vikundi vilivyozoea zamu za wazee ndivyo vinavyoniuliza mapema, "Wenyewe wameomba nini?"

Katibu wangu nimemwomba aniandikie kilichomo ndani ya maboksi, kimoja kimoja. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema itabidi wayafungue kwanza.