Elmu ya Mnyongaji Haikunyongewa Mtu
Katika kona ya kaskazini-magharibi ya bustani ya Washington Square, jijini New York, umesimama mti wa elmu wenye umri wa zaidi ya miaka 300 na gome lililojaa mifereji, ambao watu huuita Elmu ya Mnyongaji kwa kuamini kwamba wahalifu walitundikwa kwenye matawi yake. Hakuna kumbukumbu yoyote ya jambo hilo. Mti ulikuwa ndani ya shamba la mtu binafsi, na kijito cha Minetta ndicho kilichoutenganisha na makaburi ya maskini yaliyofunguliwa mwaka 1797. Anayejulikana kwa jina kuwa alinyongwa katika eneo hilo ni Rose Butler, binti mtumwa aliyeuawa mwaka 1819 kwa kosa la kuchoma nyumba. Hata yeye alinyongwa kwenye jukwaa la kunyongea, si kwenye tawi.