Kuhamisha mikanda ya MiniDV kwenda kompyuta: softwea ndo ya mwisho kuilaumu

Meseji ninazopata sana ni za hivi: "kaka nimeweka Premiere (programu ya kuhariri video), nimechomeka kamera, kompyuta haioni kitu, nibadilishe softwea?" Usibadilishe bana. Mi nilianza kushuti harusi na send-off enzi za MiniDV, ile mikanda midogo ya kamera za video, sa hivi kazi yangu kubwa ni kuwahamishia watu ile mikanda kabla haijaota ukungu, na mara nyingi nikiitwa kutazama nakuta kitu kimeharibika kabla hata programu haijafunguliwa.

Kwanza, umechomeka waya gani? Kamera nyingi za MiniDV zina matundu mawili, moja USB na jingine dogo limeandikwa DV au i.LINK, na watu wanakimbilia USB sababu ndo wanayoijua. USB ya kamera nyingi za wakati ule ni ya kutolea picha za mnato kwenye memori kadi, ikijitahidi sana inakupa video ya ubora wa chini. Hilo dogo ndo FireWire, na kinachopita mule ni data yenyewe kama ilivyoandikwa kwenye mkanda, inanakiliwa tu kama unavyonakili faili, ubora haupungui hata chembe. Ila mwendo ni wa mkanda, wa saa moja unakula saa moja, hamna shotikati. Vile vidude vya waya wa njano, mwekundu na mweupe viache kwa ajili ya VHS.

Laptopu za sasa hazina tundu la FireWire, na ule waya unaouzwa wenye FireWire huku na USB kule ni pambo tu, hauhamishi kitu. Mi natumia kompyuta ya mezani niliyoipachika kadi ya PCI Express yenye chipu ya Texas Instruments na haijawahi kunisumbua. Wenye Mac mnaweza kuunga adapta za Thunderbolt moja juu ya nyingine mpaka mfike, lakini msipandishe kwenda macOS 26, Apple wameshaitoa FireWire humo.

Afu zima vyote, kamera na kompyuta, ndo uchomeke. Ile ncha kubwa ya pini 6 inabeba umeme, unaweza kufika volti 30, na kama tundu limelegea ukailazimisha ikaingia kichwa chini basi tundu la kamera limekwenda. Mi nilishaunguza hivyo kamera ya kuazima, nikailipa kidogokidogo miezi mitatu, kwa hiyo hapa sisimulii niliyoyasikia.

Sasa draiva, ile programu ndogo inayoiunganisha Windows na kadi, hapa ndo wengi wanapopotelea. Kuanzia Windows 8 ile draiva ya zamani ya FireWire haiji tena na mfumo, iliyopo inaweza kuiona kadi ila kamera ikawa inapotea katikati ya kazi, au isionekane kabisa. Microsoft wana faili lao dogo la draiva ya zamani, unaliinstoo, unaingia Device Manager, unachagua mwenyewe ile 1394 OHCI yenye neno Legacy mwishoni, unarestati. Washa kamera upande wa kucheza, wenyewe wanaandika VCR au Play, usiweke upande wa kushuti, na uchomeke chaja, betri ya miaka 15 haimalizi mkanda. Ukisikia ule mlio wa Windows wa kitu kipya kimechomekwa, umefika.

Hapo ndo softwea. Premiere ya Windows inafaa, unabonyeza F5 unapata dirisha la kukepcha, ila kwa kazi ya kuhamisha tu mi natumia WinDV, ni ya bure, ndogo, haina mbwembwe. Setingi zake chache lakini mbili zitakuliza. Ya kwanza ni ukubwa wa faili, inahesabiwa kwa fremu, na sisi huku mfumo wetu wa video ni PAL, fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja ni fremu 90,000, mi naweka 100,000 mkanda wote uingie faili moja. Ya pili inaitwa Discontinuity Threshold, inasoma tarehe na saa zilizojificha ndani ya mkanda, kila kamera ilipozimwa na kuwashwa inakukatia faili jipya. Kwa harusi ni raha, maakuli peke yake, mwali akiingia peke yake. Usipotaka weka sifuri. Na majina ya faili yanatoka na tarehe ile ya kushuti, kuna mama alinibishia mwaka wa harusi yake mwenyewe mpaka tulipofungua folda. Japo ukikuta kila kitu ni tarehe 1 Januari ujue mpiga picha hakuwahi kuseti saa ya kamera.

Diski sasa. Saa moja ya DV ni kama GB 13, na diski ifomatiwe kwa NTFS, siyo FAT32. Mara yangu ya kwanza nilikepchia kwenye diski ya nje iliyofomatiwa FAT32, nikaenda zangu kula, narudi nakuta imesimama dakika ya 19 na kitu, kumbe FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Mkanda wenyewe ulikuwa umeshacheza mpaka mwisho.

Kabla ya kubonyeza Capture, peleka mkanda mbele mpaka mwisho urudishe mwanzo, iliyokaa miaka inagandana na huku kwetu joto lenyewe unalijua. Sogeza na kile kikufuli cha mgongoni kwenye SAVE, kidole kikiteleza kwenye kitufe chekundu hamna wa kukurudishia. Ukiona vimraba vimraba kwenye picha, pitisha mkanda wa kusafishia hedi (kichwa kinachosoma mkanda ndani ya kamera) sekunde 10 tu, ule ni kama msasa, ukiuzidisha unakula hedi.

Ukishamaliza usilibane lile faili, lihifadhi hivyohivyo, ya kutuma WhatsApp toa kopi. Angalia na sauti, kamera nyingi za nyumbani zilikuwa zinarekodi biti 12 kwa 32 kHz, we ukaseti projekti 48 kHz, mara nyingine midomo na maneno vinaanza kuachana taratibu. Na kwenye kopi ukiona mikono ya wanaocheza imetoka meno kama kitana, hiyo ni intalesi, yaani kila fremu imegawanywa mafungu mawili ya mistari yanayopishana, DV inaanza na mistari ya chini, seti Lower Field First halafu uitoe hiyo intalesi na programu ya HandBrake kabla hujamtumia mtu.