Madini Katika Ndizi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Ndizi yenye ganda jekundu, au ile inayogeuka kahawia upesi ikikatwa, ina madini mengi ya chuma.

Ukweli: Rangi hizo hazipimi chuma. Wekundu wa ganda hutokana na rangi asilia za mmea ziitwazo anthosiani. Ukahawia hutokea pale kisu kinapopasua seli za ndizi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kilichokuwa kimetengwa kikakutana na hewa pamoja na kemikali za fenoli. Na ajabu ni kwamba kimeng'enya hicho kimebeba shaba, wala si chuma.

Dhana potofu: Kwa kuwa aina za ndizi zinatofautiana sana kijenetiki, madini yake nayo hutofautiana sana, hivyo kubadilisha aina kunatosha kumaliza upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu sehemu ya kwanza ya hoja ni sahihi. Ndizi nyingi zinazoliwa zimetokana na spishi mbili za porini, Musa acuminata na Musa balbisiana, na michanganyiko yake imezaa mamia ya aina. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima karotenoidi za aina 171 pamoja na madini ya baadhi ya aina hizo, ulikuta kwamba karotenoidi, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, hutofautiana sana kati ya aina na aina, ilhali chuma na zinki hutofautiana kidogo tu.

Sababu yake inaeleweka. Karotenoidi hutengenezwa na mmea wenyewe, kwa hiyo badiliko dogo la jeni laweza kuziongeza maradufu. Madini hayatengenezwi, hutoka ardhini, na jeni huamua tu jinsi mizizi itakavyoyafyonza na kuyasafirisha. Chuma kikizidi huwa sumu kwa seli, hivyo mmea hukidhibiti vikali. Tunda nalo hulishwa zaidi na mishipa inayosafirisha sukari, ambamo potasiamu hupita kwa urahisi na kalsiamu hupita kwa shida: gramu 100 za ndizi mbivu ya Cavendish, aina inayouzwa zaidi katika biashara ya kimataifa, zina takriban miligramu 358 za potasiamu, lakini kalsiamu ni miligramu 5 tu.

Chuma katika gramu hizo 100 ni kama miligramu 0.26. Ili kufikisha miligramu 18 kwa siku, kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, angehitaji kula karibu kilo saba, na hata aina yenye chuma mara mbili ingemlazimu kula zaidi ya kilo tatu. Kwa maoni yangu, anayetafuta chuma aanze na maharage au nyama, na uchaguzi wa aina ya ndizi auache kwa ajili ya vitamini A.

Dhana potofu: Ndizi ikiiva, madini huongezeka.

Ukweli: Kinachobadilika hasa ni wanga, ambao hugeuka sukari. Tunda lililokwisha kukatwa mgombani halina tena njia ya kupokea madini kutoka ardhini.