Asidi dhaifu si asidi iliyotiwa maji

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asidi dhaifu ni ipi, wengi watajibu: ile iliyozimuliwa. Sivyo. Ukizimua asidi hidrokloriki hata ikawa karibu na maji matupu, bado ni asidi kali, kwa sababu molekuli zake karibu zote zimevunjika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Udhaifu ni tabia ya molekuli yenyewe. Ukolezi ni hesabu ya ulichomimina kwenye chupa.

Chukua asidi mbili, kila moja moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli): hidrokloriki na asetiki, ile ya kwenye siki. Ya kwanza ina pH 1 (pH ni kipimo cha uasidi; namba ikiwa ndogo, uasidi ni mkubwa). Ya pili ina karibu 2.9, maana katika kila molekuli 100 ni kama moja tu iliyoachia ioni ya haidrojeni.

Sasa pima sentimita za ujazo 25 za kila moja, uzitaitreti, yaani uziongezee besi kidogokidogo hadi asidi yote iishe; besi yenyewe ni sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita. Hapa ndipo wengi hushangaa: zote mbili zinakula sentimita za ujazo 25 zilezile za besi. Kila ioni ya haidrojeni inayonyakuliwa na besi, molekuli nyingine ya asetiki inavunjika kufidia, mpaka zote ziishe.

Na usidhani dhaifu maana yake salama. Asidi hidrofloriki imo kwenye kundi la dhaifu, lakini inakula kioo, na ikigusa ngozi hupenya hadi ndani na kukamata kalsiamu ya mwili.