"Bila mtu ndani hupati": dhana potofu za wauguzi wapya wa Moshi na Arusha

Mwaka niliohitimu uuguzi nilizunguka kutafuta kazi na bahasha ya kaki kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita kama 80, nikishuka kwenye Hiace kila penye bango la hospitali. Kwenye mabenchi ya mapokezi nilikutana na wenzangu wenye bahasha kama yangu, na hapo ndipo nilipookota uongo mwingi. Ulisemwa kwa uhakika hata nikaupangia maisha. Leo namsaidia matroni, mkuu wa wauguzi hospitalini kwetu, kusoma maombi ya wauguzi wapya, na nayaona maneno yale yale yakiwala wadogo zangu miezi.

"Nimemaliza chuo, mimi ni muuguzi tayari"

Bado. Chuo kinatoa cheti. Ruhusa ya kumhudumia mgonjwa kama muuguzi inatoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010. Kuna mtihani wa Baraza, kisha usajili na leseni. Wa ngazi ya cheti huorodheshwa, wa diploma na digrii husajiliwa, na wa digrii ana mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, wa kumaliza pia.

Barua nyingi zinazotufikia zinasema "leseni iko njiani". Hatuziweki pembeni kwa roho mbaya. Wodi ya usiku huwa na wauguzi wawili, siku nyingine mmoja. Ukimpanga asiye na leseni akakosea dozi, anayeulizwa ni aliyempanga. Na mwenye leseni aangalie tarehe, maana iliyolala kabatini nayo huchacha.

"Bila mtu ndani hupati"

Hii ndiyo mama yao wote, na inauma kwa sababu haikutoka hewani. Sitasema mjuano haupo. Kwenye kituo kidogo cha mtu binafsi, mwenye kituo akimwambia daktari wake "nataka nesi", atakayepigiwa simu ni muuguzi ambaye daktari huyo anamfahamu. Lakini kujulikana huko kunajengwa hata na mwanafunzi wa field, yaani aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, anayewahi zamu na kukabidhi ripoti iliyonyooka. Sihesabu hiyo kuwa upendeleo.

Ajira za serikali zina njia nyingine. Hutangazwa, na maombi hupita mtandaoni kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, au wa OR-TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, ikiwa wao ndio waliotangaza. Humo wengi huanguka kabla ya kufika kwenye usaili, na sababu huwa imeandikwa kwenye tangazo lenyewe ambalo hawakulisoma hadi mwisho. Mmoja ameweka matokeo ya muda badala ya cheti. Mwingine barua hakuisaini. Mwingine ana diploma, ameomba Afisa Muuguzi II, ambayo ni ya wenye digrii, wakati yake ni Afisa Muuguzi Msaidizi II. Wa ngazi ya cheti nafasi yake ni Muuguzi II. Kisha wote watatu wanarudi kijiweni kusema nafasi zilikuwa na wenyewe.

Mimi nilikwama kwenye jina. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina la babu, cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kikaja na herufi moja imezidi. Ni ugonjwa wetu huku Uchaggani: shuleni unaandikishwa na shangazi, kwa padri unaandikishwa na bibi, kila mmoja na jina analolipenda. Nilihangaika kwa wakili na kwenye ofisi za usajili karibu miezi minne, na tangazo moja likanipita nikiwa kwenye foleni. Kama bado uko chuoni, panga vyeti vyako vyote mezani leo jioni uvisome herufi kwa herufi.

Imani hii ina hasara nyingine: inawalisha matapeli. Anayeamini kwamba lazima awe na mtu ndani atamkubali yeyote anayejitambulisha kuwa ndiye huyo mtu. Utapigiwa simu na anayesema yuko Dodoma, jina lako analo, hata chuo anakitaja, anataka "ya kufungulia faili" kwa simu. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji hata shilingi. Ukiona namba ya kutumia pesa, hapo hakuna kazi.

"Kazi ni ya serikali, huko kwingine ni kupoteza muda"

Anayesema hivi mikoa hii miwili haijui. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kuwa hospitali ya rufaa ya kanda, msingi wake ni wa kanisa. Machame, Marangu na Nkoaranga ni za Walutheri. Kibosho, Kilema na Huruma kule Rombo ni za Wakatoliki. Arusha kuna Selian pale Ngaramtoni, ALMC ya Walutheri mjini, na St. Elizabeth. Ukisubiri Mawenzi na Mount Meru, hospitali za serikali, peke yake umejifungia nje ya sehemu kubwa ya vitanda vya Kaskazini. Tena baadhi ya wafanyakazi wa hospitali hizi za dini wanalipwa na serikali, kwa hiyo ukuta unaochorwa kijiweni una milango mingi. Matangazo yao mengine huishia kwenye ubao wa hospitali au wa dayosisi, na ubao huo hautakufuata nyumbani.

Ninachowasihi ni kusoma mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Uliza kama utaandikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na uliza kabla ya kusaini. Wengi huona aibu, kana kwamba wanaomba zawadi.

"Jitolee tu, wakikuzoea watakuajiri"

Rafiki yangu alijitolea miaka miwili kwenye hospitali moja, naiti, yaani zamu za usiku, kama wengine, posho ya nauli ikija inapotaka. Nafasi ilipotoka ilikwenda kwa mwombaji mwingine. Kujitolea kunakupa mikono myepesi na mtu wa kukuandikia barua ya udhamini. Hakukupi haki ya kuajiriwa. Dai barua inayosema unaanza lini na unamaliza lini, na ikifika tarehe, hesabu upya. Kama bado hujachanjwa homa ya ini B, maliza dozi zote tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Na ukichomwa sindano iliyotumika, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mzembe: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka, ndani ya saa 72. Wanaojitolea ndio hunyamaza zaidi, nami hilo linanikera kuliko hata suala la posho.

"Zahanati ya porini inaua taaluma"

Nenda Longido au Ngorongoro uone. Kliniki ya mama na mtoto ni wewe, chanjo ni wewe, mama mwenye uchungu saa tisa usiku ni wewe. Kuna mwenzangu aliyekaa wodi kubwa mwaka mzima akipima presha na kujaza chati, akahamia zahanati huku mikono ikimtetemeka.

"Usaili ni kukariri notisi"

Swali letu tulipendalo ni la mama aliyejifungua na damu haikatiki. Wasailiwa wengi huanza na tafsiri: damu inayozidi mililita 500. Ni sahihi, ila mama anaendelea kuvuja. Mwaka mmoja aliingia binti kutoka Rau, mfupi, sauti ndogo. Tulipomuuliza akasema, "Kwanza napiga kelele, mtu aje." Halafu akaweka kiganja chake tumboni kwake mwenyewe, akaanza kuonyesha anavyosugua mji wa mimba huku akiagiza oksitosini uniti 10 kwa mwenzake asiyekuwepo. Matroni akasimama kumpisha nafasi, maana binti alikuwa ameshasogeza kiti.