Ukiripoti polisi, usitoke kituoni bila nambari ya OB

Wako watu wanaokuja kwenye kaunta zetu kufuatilia kesi ambazo hazipo. Mtu atakueleza kwamba aliporwa mwezi uliopita, akaja kituoni, akazungumza na askari fulani mrefu, akaambiwa "tutafuatilia", akaenda zake. Ukifungua kitabu, hakuna neno. Huenda alizungumza na askari aliyekuwa akitoka zamu. Huenda waliongea nje, getini. Huenda pia alipuuzwa tu, na hilo hutokea. Vyovyote ilivyokuwa, malalamishi yake hayakuandikwa, hakuna afisa aliyepewa kazi hiyo, na aliyempora anatembea mjini bila faili. Mimi ni afisa wa polisi hapa Mombasa, kazi yangu ni kukutana na wananchi, na kama ningepewa jambo moja tu la kusema katika kila baraza kuanzia Likoni hadi Kisauni, ningelisema hili: dai nambari yako ya OB.

OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio kinachokaa kaunta usiku na mchana. Humo huandikwa kila kitu: askari anayeingia zamu, mahabusu anayetolewa seli kupelekwa kortini, kitambulisho kilichopotea, maiti iliyookotwa ufuoni, mke na mume waliopigana. Kila tukio hupewa nambari inayoanza upya kila siku, kisha tarehe. Kwa hivyo ukiandikiwa OB 31/14/7/2025, maana yake ni tukio la 31 lililoandikwa kituoni hapo tarehe 14 Julai 2025. Kitabu hiki hakichanwi ukurasa wala hakifutwi. Ndiyo sababu mahakama huitisha nakala yake pakitokea ubishi: nani aliripoti kwanza, saa ngapi, na alisema nini kabla hajapata nafasi ya kushauriwa na mtu.

Kuandikiwa OB hakulipiwi. Hudaiwi pesa ya karatasi, ya kalamu, ya mafuta ya gari la kwenda kumkamata mshukiwa, wala "ya chai". Ukiombwa, muulizie OCS, yaani mkuu wa kituo. Mwambie wazi ulichoombwa na aliyekuomba. Askari anayefanya kazi akiwa na sare anatakiwa kuwa na jina na nambari yake ya kazi mahali pa kuonekana, kwa hivyo iandike. Ukielekezwa kituo kingine kwa kuwa tukio lilitokea upande wa pili wa kivuko, omba kwa upole liandikwe kwanza hapo ulipo.

Sasa tuseme umeporwa simu pale Likoni jioni, watu wanapomiminika kutoka kwenye feri na kupanda kuelekea stendi. Ukifika kaunta ukasema "nimeibiwa simu", utaandikiwa wizi wa simu. Lakini kama walikuwa wawili, mmoja akakushika na mwenzake akakuonyesha kisu, hilo ni kosa jingine kabisa. Kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mnyang'anyi aliye na silaha hatari, au aliyeandamana na mwenzake, au aliyemjeruhi mtu, ametenda unyang'anyi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Pengo kati ya makosa haya mawili ni kubwa mno, na mara nyingi linategemea sentensi mbili ambazo mlalamishi hakuzisema kwa sababu hakuulizwa. Ziseme. Walikuwa wangapi, walishika nini, walivaa nini, walikimbilia uchochoro gani, bodaboda waliyopanda ilikuwa rangi gani. Sema pia nani mwingine aliona: muuza machungwa, dereva wa tuktuk, askari wa feri.

Simu yenyewe ina nambari ya IMEI yenye tarakimu 15, iliyochapishwa kwenye boksi lake. Leo hii, kabla haijaibiwa, bonyeza *#06# uione, uinakili mahali pengine nje ya simu. Bila nambari hiyo, kazi ya mpelelezi ya kuifuata simu inakuwa ngumu sana, na hata tukiikuta kwenye msako pamoja na simu nyingine arubaini, tutashindwa kuthibitisha kwamba ni yako. Halafu piga simu kwa kampuni yako ya mawasiliano uzuie laini na akaunti ya pesa. Hilo lifanye hata kabla ya kuja kwetu.

OB nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mlalamishi anaeleza kwa Kiswahili, au Kigiriama, au Kidigo, na askari anaandika kwa lugha nyingine huku foleni inasubiri. Makosa huingilia hapo. Mwombe akusomee alichoandika, kwa Kiswahili, kabla hujaondoka. Vivyo hivyo kwa taarifa utakayoandikisha baadaye kwa mpelelezi, ile ndefu inayotiwa saini. Usiisaini kabla ya kuisoma au kusomewa, na palipo na kosa parekebishwe mbele yako. Nimeziona kesi nzuri zikianguka kortini kwa sababu taarifa ilisema saa mbili usiku na shahidi akasema saa nne. Mwisho, chukua jina na nambari ya simu ya afisa aliyepewa kesi. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye wa kuulizwa, na una haki ya kuuliza.

Aliyepigwa au kukatwa apewe fomu ya P3, ambayo hutolewa bure kituoni. Polisi hujaza sehemu ya kwanza na mhudumu wa afya hujaza zinazobaki, akieleza majeraha na uzito wake. Hakikisha unabaki na nakala. Lakini damu ikiwa inatoka, hospitali kwanza, P3 baadaye.

Hilo la hospitali kwanza lina uzito zaidi kwa aliyebakwa au kulawitiwa, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, hasa na wazazi. Hakuna haja ya kupitia polisi ndipo utibiwe. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo maalumu cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Mwathiriwa asioge, asijisafishe, asibadilishe nguo kama anaweza. Akishabadilisha, nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti, wala si plastiki, kwa maana ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Asifue chochote. Najua mama akimwona mwanawe katika hali ile, mkono unakwenda kwenye maji wenyewe. Uzuie. Kisha njooni kituoni mkaombe dawati la jinsia, ambako mazungumzo hayafanyiki kaunta mbele ya kila mtu. Msaada kwa simu unapatikana bure kwa 1195, na kwa mambo ya watoto ni 116.

Halafu kuna maslaha, yaani kesi ya ubakaji kumalizwa nyumbani kwa wazee badala ya kortini. Wazee wanakaa, pesa zinatajwa, mtoto hajaulizwa, na baba anakuja kituoni kusema "afande, tumeshaelewana, funga faili." Hatuwezi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka si wa familia, si wa chifu, si wa OCS. Uko mikononi mwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Afisa anayekubali kulifunga faili kama hilo kwenye kibaraza cha mtu anavunja sheria, na mtoto anabaki kuishi nyumba ya tatu kutoka kwa aliyemharibu. Nawaheshimu wazee wetu, na wamesuluhisha magomvi mengi ya mipaka na madeni ambayo yangetujazia seli. Hili si lao.

Kwa upande wa kukamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda hata mtu ambaye mtaa mzima una hakika ni mwizi. Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, na zikiisha wakati korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana ya ile "kamatakamata" ya Ijumaa jioni inayowatia watu hofu: aliyeshikwa Ijumaa usiku anaweza kukaa hadi Jumatatu. Lakini kwa makosa madogo hakuna ulazima wa kukaa, kwani mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa bondi ya polisi. Bondi hiyo ni bure. Unasaini kwamba utarudi, basi. Ukiwekewa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti hapo hapo, maana pesa hizo ni zako na hurudishwa ukitimiza masharti. Pesa isiyo na risiti si dhamana. Mwanamke apekuliwe na askari wa kike peke yake, na mtoto asichanganywe na watu wazima. Ndugu yako akishikwa, nenda kituoni uulize ameandikwa kwenye OB nambari ngapi. Mtu aliyeingia seli bila kuandikwa yuko hatarini, na familia ndiyo inayoweza kulisema hilo kwa sauti.

Wananchi nao, mkimkamata mtu akitenda kosa mbele ya macho yenu, sheria inawaruhusu kumzuia na inawataka mmkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Inaishia hapo. Tairi na mawe ni mauaji, na wapo waliofungwa kwa mauaji ya "mwizi" ambaye baadaye ilidhihirika alikuwa anakimbia mvua. Wajumbe wa Nyumba Kumi pia hawana mamlaka ya kupiga wala kutoza faini. Kazi yao ni kutuunganisha na mtaa.

Kuna nyumba katika mji huu zinazoliogopa gari letu kuliko zinavyowaogopa vijana wa mapanga. Kuna mama ambao watoto wao walichukuliwa na hawajarudi, na siwezi kumwendea mama kama huyo na hotuba ya ushirikiano. Imani hairudi kwa kuombwa. Ninachoweza kusema ni kwamba upo mlango usiopitia kwetu. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina ofisi hapa Mombasa, inapokea malalamishi bila malipo, na simu yake ni 1559. Mtu akifa au kuumia vibaya mikononi mwa polisi, sisi wenyewe tunalazimika na sheria kuiarifu. Ukienda huko, beba tarehe, saa, kituo, na nambari ya gari au ya askari kama uliiona. Anayeogopa kulipiziwa kisasi kwa ushahidi wake anaweza kuomba hifadhi kwa wakala wa kuwalinda mashahidi. Na anayetaka kutuarifu juu ya kundi linalojipanga mtaani hahitaji kutaja jina lake. Tuambie mahali, saa wanayokutana, njia wanayopita. Kama hutaki kuonekana ukiingia kituoni, piga 999 au 112.

Limebaki la waliopotea. Pamezoeleka kusemwa kwamba lazima zipite saa 24 ndipo mtu aripotiwe kupotea. Hakuna sheria inayosema hivyo, na kwa mtoto saa hizo ndizo za thamani kubwa. Siku za Idi na Krismasi, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hufurika, maji yanajaa, watoto waliovaa nguo mpya zinazofanana wanazagaa, na kila mwaka kuna mzazi anayezunguka peke yake saa nzima kabla ya kumwambia mtu. Mwambie askari wa kwanza unayemwona, ama mwokoaji wa ufuoni. Kabla ya kutoka nyumbani mpige mtoto picha na nguo alizovaa siku hiyo, na umwandikie nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu. Asipopatikana upesi, mmoja abaki ufuoni alipoonekana mara ya mwisho na mwingine aende kituoni na ile picha aandikiwe OB. Na akipatikana kwa shangazi yake Bamburi akila mahamri, rudini mtuarifu, kwa sababu huku bado kuna askari wanaomtafuta.